Redio Yetu Haikusema

Baba yangu hakumzika kaka yake kwa sababu redio yetu haikusema kwamba amekufa. Redio ya jirani ilisema. Jirani mwenyewe alikuja mpaka uani kwetu kutupa habari, treni ya Kigoma ikitegemewa alfajiri, na baba akakataa kuipanda.

Nikiwasimulia vijana wa leo hudhani natia chumvi. Wa rika langu hawashangai. Wanakumbuka redio ilikuwa kitu gani enzi zile.

Tulikaa Usoke, kando ya reli, miaka ya vijiji vya ujamaa. Nyumba zilipangwa mistari kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Hivyo ndivyo baba, Maganga, mkulima wa tumbaku, alivyopata jirani ambaye asingemchagua: Mzee Salumu, fundi cherehani. Babu yake Salumu alikuwa Mzaramo aliyekuja na misafara ya zamani ya kwenda Ujiji. Miguu ikamchoka katikati ya safari, akaoa hapa hapa. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu mizigo ilipobebwa kichwani, na Mzee Salumu aliutumia utani huo mpaka mwisho wa haki yake. Akimkuta baba anakula, alivuta bakuli la mlenda upande wake bila kuuliza. Siku tulipomzika bibi, alishuka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Alipewa. Waliokuwa wanalia walicheka, kisha wakaendelea kulia.

Jioni kijiji kizima kilinuka moshi wa mabani, yale majengo ya kukaushia majani ya tumbaku. Sisi watoto tulitafuna michembe, vipande vya viazi vilivyokaushwa, mpaka taya ziume, tukifinyanga redio za udongo wa kichuguu. Vifundo vyake vilikuwa punje za mahindi, na waya wake wa kunasia mawimbi ulikuwa bua la mtama. Mmoja alijificha nyuma na kusoma taarifa ya habari, na mara nyingi alikuwa mimi. Nilitangaza nani kapigwa na mama yake na mbuzi wa nani kaingia shamba la nani. Betri zilizokufa kabisa tulizipasua, tukasaga ule mkaa wake na majani ya maboga, tukapaka ubao wa darasani ukawa mweusi tii. Zile zilizochoka tu zilianikwa juani kama dagaa, zikapata nguvu ya kusema siku mbili tatu zaidi.

Redio za kweli katika mstari wetu zilikuwa mbili. Ya baba ilikuwa chapa Mwezi, nyekundu, yenye mwezi mwandamo usoni. Ya Mzee Salumu ilikuwa chapa Tausi, ya kijani, na mkia wa ndege uliotanda kwenye kitambaa cha spika. Watu waliwatania kwamba wamebadilishana: mwezi mwandamo ungemfaa Salumu aliyeswali swala tano, si baba aliyeimba kwaya kanisani. Baba alijibu kwamba yeye ni Mnyamwezi, mwezi ni wake kwa kuzaliwa.

Asubuhi nikipita kwenda shule nilisalimia, "Shikamoo Mzee Salumu."

"Marahaba, binti Mwezi. Baba yako ameshasikia habari za jana, au bado zinapanda mlima?"

Mapenzi ya baba kwa Mwezi hayakuanza hivi hivi. Wakala wa redio hizo alitoka Tabora mjini na gari lenye kipaza sauti. Akapanda juu ya gari, akaiachia redio ikaanguka, na ilipookotwa ilikuwa bado inaimba. Umati ukapiga makofi. Mimi niliona ilipoangukia: juu ya gunia lililojaa pumba. Nilimwambia baba. Akasema hata ingeangukia jiwe ingeimba.

Wakala alipoondoka aliacha redio moja kwa Mwalimu Yohana, aipime. Mwalimu ndiye aliyeandika gazeti la ukutani, karatasi kubwa iliyobandikwa kwenye ofisi ya kijiji, na kwetu gazeti lilikuwa hilo tu. Baba hakuwa msomaji mzuri, kwa hiyo kila lilipobadilishwa alinishika mkono twende nikamsomee. Habari ya redio niliisoma kwa sauti mbele ya watu: Mwezi hushika kila neno linalotoka Dar es Salaam, Tausi huruka maneno. Mwalimu alimalizia kwa kusema ameandika bila kupendelea upande wowote. Baba alinirudisha kwenye sentensi ile ya kuruka maneno nikaisoma tena, polepole, kwa sababu Mzee Salumu alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Na hiyo aliyoachiwa aipime," Mzee Salumu aliuliza, "atairudisha lini?"

Haikurudishwa. Kila nilipotumwa kwa Mwalimu niliikuta juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Basi siku yenyewe. Ilikuwa baada ya taarifa ya habari ya saa kumi, wakati wa matangazo ya vifo. Matangazo hayo ndiyo yaliyotuunganisha na ndugu wa mbali. Ukifiwa Mbeya, ndugu yako wa Usoke angejuaje? Jina la marehemu lilitajwa, kisha, habari ziwafikie fulani na fulani, wa mahali fulani. Watu wazima walinyamaza, na mama aliacha kutwanga.

Mimi nilikuwa nje na redio yangu ya udongo. Nilimwona Mzee Salumu akitoka kwake bila kofia, na sikuwahi kumwona bila kofia. Alipita bila kuniita binti Mwezi.

"Maganga," alisema, "kuna msiba."

"Wa nani?"

"Kaka yako Mihayo, wa Kigoma. Wametangaza sasa hivi. Na wewe umetajwa, Maganga wa Usoke."

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, Mwezi iko mbele yake, imewashwa. Aliitazama, kisha akamtazama jirani yake.

"Umesikia kwenye redio gani?"

"Redio, Maganga. Anayesoma Dar es Salaam si mtu mmoja?"

"Mimi nimekaa hapa tangu habari zianze. Haikusema."

"Yangu imesema."

"Yako huruka maneno. Imeruka jina la mtu mwingine ikaangukia la kaka yangu."

Mzee Salumu alivuta pumzi. "Mtani wangu, nimelala kwenye kaburi la mama yako, ni kweli. Lakini yule alikuwa amekufa, na wote tulijua. Utani una mpaka. Siwezi kukuulia ndugu."

Mama alikuwa ameshaanza kukunja nguo za baba kwenye kikapu. "Baba Kalunde, panda treni tu," alisema. "Ukimkuta mzima, mtakula naye ugali urudi. Hasara iko wapi?"

Nadhani hapo baba alitikisika. Alivaa koti, akasema anakwenda kuhakikisha. Nilimfuata. Hakwenda kituoni. Alikwenda kwa Mwalimu Yohana, tukamkuta anacheza bao na mwenzake kivulini.

"Mwalimu, matangazo ya vifo umeyasikiliza leo?"

"Leo sikuwasha. Kuna nini?"

Baba akaeleza. Mwalimu alishika kete mkononi, akafikiri, akatoa jibu lake kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuaminiwa: "Kama lingetangazwa, Mwezi ingelishika."

Jibu hilo lilimtosha baba. Mtu ambaye hakusikiliza alimhakikishia mtu aliyetaka kuhakikishiwa, tukarudi nyumbani. Alfajiri nililala macho nikaisikia treni ikiingia kituoni, ikasimama, ikaondoka. Mama naye alikuwa macho. Kikapu kilikuwa mlangoni, kimefungwa.

Simu ya maandishi ililetwa na mtu wa kituoni baadaye, wakati baba mkubwa alikuwa ameshazikwa. Baba alipanda treni iliyofuata akakuta kaburi lenye udongo mbichi, na wajane wawili waliomuuliza swali moja tu: kwani tangazo halikufika?

Aliporudi, kabla hajafika kwetu, alipitia kwa Mzee Salumu. Alikaa barazani. Mzee Salumu aliendelea kushona, kisha akasimamisha cherehani akampa pole kwa mkono. Tangu hapo, kila siku saa kumi, baba alibeba kigoda chake akaenda kusikilizia vifo kwenye Tausi. Mwezi aliiwasha kwa muziki tu. Waliendelea kuwa marafiki mpaka uzeeni. Lakini Mzee Salumu hakuligusa tena bakuli letu la mlenda mpaka aalikwe, na nilimwona baba mara nyingi akilisogeza mwenyewe upande wa jirani, akingoja. Gazeti la ukutani lilipobadilishwa, habari kubwa ilikuwa ya mbolea ya mboji. Kuhusu redio hakikuandikwa kitu.

Sasa mimi ni bibi, nakaa Tabora mjini, na wajukuu wangu wana vita yao. Baraka ana simu ya chapa hii, Neema ya chapa ile.

"Ya kwako inaganda kama ugali wa jana," Neema humwambia.

"Afadhali igande kuliko picha zako, unatokea kama umepakwa unga."

Majuzi Baraka aliniita nitazame video ya kijana anayefungua boksi la simu kwa mikono miwili kama padri na sakramenti, akiisifu.

"Huyu hana upande, bibi. Kasema mwenyewe mwanzoni."

"Simu hiyo kapewa na nani?"

"Kampuni imempa, aipime."

"Akimaliza anairudisha?"

Nikamwambia nilikuwa na mwalimu aliyeandika hivyo hivyo.

Sisemi kwamba sisi tulikuwa na akili zaidi. Baba yangu alikuwa na akili, na aliikosa treni. Ila redio mbili zilitosha mstari mzima wa nyumba, na aliyesikia neno alivuka ua kulipeleka, hata kwa mtu ambaye angemkatalia. Baraka na Neema hukaa kochi moja, kila mmoja na waya zake masikioni, na jirani yetu akifiwa tunajua tunapoona turubai la msiba limeshafungwa.

Mwezi ya baba ninayo, iko juu ya kabati. Nimewauliza wote waliokuwepo jioni ile kama ilisema. Mama, kabla hajafariki, aliniambia betri zilikuwa zimechoka na redio ilikuwa inanong'ona. Kaka yangu anasema hapana, betri zilikuwa mpya, ilisikika mpaka barabarani. Mzee Salumu alisema asingejua, kila mtu husikia redio yake. Baba nilimuuliza mara moja tu, akiwa mzee sana. Akasema, "Nilikuwa nimekaa karibu nayo."

Jioni ile ilikuwa imewashwa. Ama ililitaja jina la baba mkubwa, ama haikulitaja. Mpaka leo sijui.