Kifusi Kilichofanywa Wakfu

Nilipoingizwa kwenye kamati ya kufufua hori yetu, nilidhani nitaulizwa jambo kuhusu hori. Nimekua nayo, tangu mkono ule mwembamba wa bahari ulipokuwa ukipanda safi hadi nyuma ya nyumba za mtaa wetu wa Wiyoni na mama zetu wakituita tutoke majini. Lakini mwenyekiti alinieleza mapema, kwa adabu kubwa, kuwa kazi yangu ni dua. Dua ya kufungua mkutano na dua ya kuufunga. Hapo katikati nilikuwa huru kusinzia. Namshukuru Mungu, kazi ilikuwa nyepesi na kiti kilikuwa na mto.

Hori yenyewe siku hizi ni tope jeusi, chupa za plastiki na nepi. Maji machafu ya mitaa yanaingia kwa juu, na kwa chini, pale inapokutana na bahari, imezibwa na kifusi. Kila mtu anajua ni kifusi cha nani. Kuna Bwana mmoja mwenye majumba mjini, na kila akikarabati nyumba ya kupangisha wageni, punda wake hushuka na mawe na chokaa iliyobomolewa, wakamwaga palepale. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kutokea. Yanarudi nyuma, na nyumba ya kwanza kuyapokea ni ya dada yangu.

Dada yangu ni mjane na nyumba yake haina ghorofa. Masika yakiingia, uchafu unapita chini ya mlango hadi ukumbini, naye anakosa mahali twahara pa kusujudia katika nyumba yake mwenyewe. Amezoea kuswali juu ya kitanda, magoti yakizama kwenye godoro.

"Naswali kama niliye mashuani," aliniambia. "Nataka sakafu yangu tu, kaka. Mimi sitaki mradi."

Mradi ndio uliokuja. Mtaalamu alitoka Nairobi na projekta, binti mpole, mwenye heshima, akatuonyesha hori yetu itakavyokuwa. Kulikuwa na mikoko mirefu, mabenchi, na jukwaa la kutazamia ndege. Ndege tulio nao ni kunguru, nao hawahitaji jukwaa, wanakuja wenyewe hadi kwenye sahani. Katika mchoro, mshale wa buluu ulionyesha bahari ikiingia na kutoka. Ulipofika kwenye kifusi uliruka juu yake kama mbuzi, ukaendelea na safari.

"Na hapa mdomoni?" niliuliza, maana siku ile usingizi ulichelewa.

"Hapo kuna changamoto, mzee," alijibu binti, akimtazama mwenyekiti.

Mwenyekiti akamtazama Bwana wa majumba, aliyekaa mstari wa mbele kama mdau mkuu. Bwana akatazama simu yake. Tukahamia kwenye rangi ya mabenchi, na hapo kila mwanakamati akawa na elimu.

Tulikutana hivyo mara nyingi. Mkutano wa mwisho, wa kupitisha mpango, ulikuwa wa watu wote, kwenye ukumbi wa shule, wanawake upande wao na wanaume upande wetu. Harufu ya biriani iliingia madirishani. Binti wa Nairobi, kwa sauti ndogo lakini bila kutetemeka, alisema kwamba mdomo wa hori usipofunguliwa, mikoko itakufa. Hapo Bwana akasimama, akarekebisha kofia yake.

"Ndugu zangu, pale pana mawe yangu," alisema. "Nimenuia kupasawazisha nijenge msikiti. Nimeshapatoa wakfu."

Watu wakapaza takbiri. Kifusi kile kilisilimu mbele ya macho yetu, na nani angethubutu kukigusa? Mwenyekiti alifurahi kama aliyetuliwa mzigo.

"Basi mzee wetu, tufungie kwa dua. Uuombee mpango, uuombee na msikiti."

Nikasimama. Nilichosoma ujanani kilikuwa wazi: mtu hatoi wakfu kisichokuwa chake, na njia ya bahari haikuwa yake. Lakini nilikuwa na njaa na sikutaka hotuba.

"Bwana," nikasema, "nikiomba hori ifunguke, msikiti wako umekaa mlangoni. Nikiomba msikiti usimame, hori imekufa. Niombe lipi?"

"Omba yote, mzee. Mungu hashindwi."

"Yeye hashindwi. Ninayeshindwa ni mimi." Nikakaa.

Kwetu mkutano usiofungwa kwa dua haujaisha, na usipoisha hakuna anayekula. Mwenyekiti alimgeukia mwalimu wa madrasa. Mwalimu, aliyesoma kwangu, akatazama viatu vyake.

"Mwalimu wangu yupo. Siwezi kumtangulia."

"Mzee, biriani inapoa!" alilia mtu nyuma.

"Nami nainusa, mwanangu."

Watu wakakohoa. Ndipo dada yangu alipoinuka upande wa wanawake, na mimi nikajua mambo yameharibika, au yametengenezeka.

"Bwana, mimi kifusi chako nakiona kila siku," alisema. "Kimejaa vyoo vilivyovunjika vya wageni wako. Msikiti gani huo, msingi wake vyoo?"

Ukumbi ukacheka, wanawake kwanza. Bwana alivua kofia, akajifuta jasho.

"Si vyote ni vyoo," alisema.

"Na masinki," dada yangu akaongeza.

Bwana akakaa, akasimama tena, akatangaza kuwa kwa mapenzi yake kwa watu wa Wiyoni atakiondoa kifusi chote kwa gharama yake, iwe sadaka, na msikiti ataujenga kwenye kiwanja chake cha mjini. Alipigiwa makofi mengi kuliko mtaalamu. Nikaomba dua fupi. Biriani ilikuwa bado vuguvugu, alhamdulillahi.

Punda waliteremka wakiwa watupu na kupanda na mzigo, jambo ambalo nadhani liliwashangaza. Bamvua la kwanza, yale maji makuu ya mwezi, lilipoingia, bahari ilipanda ikiwa rangi ya chai na kurudi na chupa zetu. Msikiti wa mjini haujapata hata jiwe moja. Mabenchi yamefika, nayo yamepakwa kijani baada ya mjadala mrefu.

Masika haya nilikwenda kwa dada yangu mvua ikimwagika. Alitandika mkeka ukumbini, nikaswalisha, yeye nyuma yangu. Nilipotoa salamu na kugeuka, nilimkuta ameinama, anapapasa sakafu kwa kiganja, akielekea mlangoni.

"Kavu," alisema. Akasikiliza mvua kidogo. "Leo."