Mtani Asiyejibu

Saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi, kengele ya shule ikiwa imeshalia, nilimkuta binti wa jirani yangu amekaa kati ya mawe makubwa nyuma ya kibanda changu cha kutengeneza vyerehani, hapa mtaani Igogo. Alivaa sare, mkoba mgongoni, miguu mitupu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Viatu viko wapi?"

"Watani wamechukua."

Hakulia. Alijibu kama mtu aliyeulizwa ni siku gani leo, na hilo ndilo lililonifanya niache kazi.

Kwao ni Wagogo wa Dodoma. Sisi wengi hapa ni Wasukuma, na makabila haya mawili yametaniana tangu enzi za babu zetu. Sisi huwaita ombaomba, wao hutucheka kwa ng'ombe wetu. Mtani anaweza kukuita mwizi msibani, akaondoka na kuku wako, nawe huruhusiwi kununa. Baba wa binti, dereva wa lori, ni bingwa wa mambo hayo. Nilipompelekea habari jioni alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Wasukuma nyie! Ng'ombe zimewaishia, sasa mnaiba viatu vya mtoto?"

"Lakini leo hajaingia darasani."

"Atazoea. Mtani hanuni. Juzi nimebeba jogoo wa mwenyekiti wa mtaa, kanifanya nini?"

Nikaelewa kwa nini binti hakumwambia: kulalamika kungekuwa kumwaibisha baba. Ila swali moja lilinikaa kichwani. Utani ninaoujua huenda na kurudi. Je, binti huwarudishia nini?

Kesho yake nilikwenda kumuuliza mama anayeuza maandazi langoni mwa shule ni nani wanaomtania binti, maana hakuna mtoto anayempita bila kuonekana.

"Wale wasichana wa darasa la saba? Kila siku! 'Ombaomba, leo ni zamu yetu kuomba!' Wanamnyang'anya andazi, mimi nacheka. Si watani?"

"Na yeye anasemaje?"

Alisimama na kijiko mkononi, mafuta yakichemka.

"Hasemi. Anaangalia chini tu." Kisha polepole: "Kumbe sijawahi kuisikia sauti yake."

Tulikwenda pamoja kwa mwalimu mkuu, naye akaita kikao cha wazazi, walimu na mwenyekiti wa mtaa. Mama wa mmoja wa wale wasichana alianza kwa ukali.

"Mnataka kutunyima utani? Siku ya msiba nani atatuchekesha?"

Watu wakacheka, dereva akiwa wa kwanza. Mama wa maandazi akamgeukia.

"Baba, mwenyekiti akikuita ombaomba, unanyamaza?"

"Thubutu! Namrudishia papo hapo."

"Mwanao hajarudisha hata siku moja. Sasa mbele yao yeye ni mtani, au ni kifaranga wa kubebwa tu?"

Dereva hakucheka tena. Akasema, "Nilimwambia asinune. Sikumwambia kwamba anaweza kukataa."

Mabishano yaliendelea mpaka jua likawa kali, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana anaua mila. Mwisho tulikubaliana kwamba shuleni hakuna kuchukua kitu cha mwenzako kwa jina la utani mpaka mwenyewe aseme "chukua". Mwalimu mmoja wa kike angepokea malalamiko. Mama wa maandazi angeangalia langoni, nasi wenye vibanda tungeangalia njia ya kwenye mawe. Viatu vilirudishwa jioni ileile na wasichana wenyewe, mama zao wakiwa nyuma yao.

Wiki iliyofuata binti alirudi shule. Alipita kibandani kwangu kimya, asubuhi na mchana, nami sikujua kama tulikuwa tumetengeneza kitu au tumekifunika tu.

Kisha mchana mmoja alisimama mlangoni. Nilikuwa nimeandaa chakula changu juu ya meza ya cherehani.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba."

"Msukuma mmoja, chapati mbili na soda? Ng'ombe wako watakula nini?"

Alinikazia macho, akisubiri ruhusa.

"Chukua," nikasema.

Alichukua vyote, akaondoka akicheka kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Hasara yangu ilikuwa shilingi elfu moja na mia saba.