Sahani za Asajile

Asajile alikuwa jirani yangu pale Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, na nitamsema alivyokuwa, kufa kwake hakunizibi mdomo. Roho yake ilikuwa mbaya, na duniani alipenda vitu viwili tu: santuri zake na heshima yake.

Nasema zile santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande. Yeye aliziita sahani, kama wazee wote. Ujanani alifanya kazi Kitwe, Zambia, na jioni alipiga gitaa katika bendi iliyoitwa Umulilo, yaani moto kwa Kibemba. Walipiga ule muziki mzito wa magitaa yanayonguruma, vijana wanauita hevi metali. Wakarekodi santuri moja, bendi ikafa. Aliporudi nyumbani hakuna aliyemwamini. Kilabuni walimwita Bwana Gitaa, wakacheka mpaka pombe ikawapalia. Basi biashara ya mpakani ilipochangamka, akawa kila Jumamosi anavuka kwenda Nakonde kupekua vitu chakavu vya Wazambia, akitafuta sahani za mwanzo za bendi za aina hiyo. Alipata nyingi. Ya kwake hakuipata mpaka mwaka 1999, chini ya rundo la viatu vya mtumba. Jina lake limechapwa pale katikati, kwenye karatasi nyekundu. Alilia sokoni, mtu mzima yule.

Heshima sasa. Kwetu Wandali, mke wa mwanao hakutazami usoni, hataji jina lako, wala hamkai mahali pamoja. Wengi tumelegeza. Asajile hakulegeza hata kidogo. Tumpe, mke wa mwanawe Timotheo, alikaa ua mmoja naye, na mzee akiwa na neno kwake aliuambia ukuta kwa sauti kubwa ili asikie.

Mwaka mmoja kabla ya sahani ile kupatikana, uchungu wa kuzaa ulimkamata Tumpe akiwa peke yake. Timotheo yuko safarini na lori, mama mkwe yuko msibani, mimi nimekwenda Itaka kununua maharage. Akajikokota mpaka mlangoni, akamwona mkwe wake uani anapangusa sahani, akamwita kwa jina amtafutie gari. Asajile akainuka, akaenda zake shambani. Eti mwiko. Mtoto akafia tumboni. Tumpe hajapona vizuri, mzee akamtoza mbuzi kwa kutaja jina lake. Na Timotheo, bwege yule, akalipa.

Ilipopatikana ile santuri, Saidi, mfanyabiashara wa Tunduma mwenye gramafoni ya betri ya gari, akakubali kuileta Jumapili mtaa mzima usikie. Akaonya tu kwamba vumbi linaua sindano. Jumapili asubuhi Asajile akauambia ukuta kuwa mgeni anakuja, sahani zake zote ziwe safi. Kisha akaenda kualika wale wale waliokuwa wakimcheka.

Aliporudi, Tumpe amekaa uani, sufuria iko mekoni, maji yanatokota. Mimi nilikuwa napepeta maharage upande wa pili wa uzio wa mabua, niliona yote. Tumpe anazichovya santuri moja moja, anazisugua kwa majivu, anazianika kwenye kichanja cha vyombo zimejikunja kama chapati. Asije mtu akaniambia hakujua. Baba yake alikuwa na gramafoni, na Tumpe alikua akizishika santuri kwa ncha za vidole.

Asajile alipomwona toka mlango wa ua akageuka upesi, akampa mgongo kama mila inavyotaka. Akauambia uzio kwamba aache. Tumpe akachovya nyingine. Akaubembeleza uzio, basi ibaki angalau ile yenye karatasi nyekundu. Ilikuwa hatua chache tu kutoka aliposimama mzee. Hata mimi nilimwambia, ingia wewe mwanaume, ichukue. Hakuingia.

Tumpe akaiokota ile nyekundu, akalisoma jina, akaishika juu ya mvuke.

"Asajile," akasema polepole, "njoo uichukue."

Nikadhani sasa mzee anageuka. Akainamisha kichwa, akaenda zake shambani, njia ile ile ya mwaka jana.

Watu walipojaa na Saidi akaweka gramafoni yake mezani, alitoka Tumpe, mkarimu kweli kweli, akawapa wageni karanga za kukaanga. Kamimina ndani ya zile santuri zilizojikunja. Ile nyekundu alimpa Saidi, na karanga zikawa zinamdondokea mapajani kupitia tundu la katikati. Mtu mmoja akauliza Bwana Gitaa yuko wapi, uwanja mzima ukaangua kicheko. Kutoka pale mpaka shambani kwa Asajile si mbali, alikisikia chote.