Msafara wa Udongo Uliomsubirisha Mgeni Rasmi

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Nzega, Mkuu wa Shule aliniuliza nafundisha nini. Nikamwambia Sanaa. Akauliza, "Na nini kingine?" Nikamwambia ni Sanaa tu, mzee. Akamwita Mwalimu wa Taaluma, yule anayepanga vipindi, wakanitazama wote wawili kama watu walioletewa mzigo usio wao. Hadi jioni nilikuwa nimeshapewa kazi ya kuandika namba kwenye milango ya madarasa. Nyinyi walimu vijana mnaolalamika kwamba hamna rangi, nawasikia, lakini sisi tulianza na chaki na masizi ya sufuria.

Kutoka Nzega nilihamishiwa Kaliua, na huko ndiko nilikojifunza kazi yenyewe. Karibu na stesheni kulikuwa na kina mama wafinyanzi, na Jumamosi nilikuwa nakwenda kukaa nao. Udongo ukiutoa bondeni huutumii siku hiyo. Unauloweka, unautoa mawe, unaukanda mpaka hewa iishe, kwa sababu hewa ikibaki ndani, motoni inapasua kitu. Unachanganya na chenga, yaani vigae vya zamani vilivyotwangwa, ili usisinyae kwa pupa. Ukishafinyanga unaanika kivulini. Halafu unachoma shimoni: samadi kavu chini, vitu vyako juu yake, unafunika kwa vigae vikubwa, unapanga kuni, mwisho unamwaga majivu. Moto ukiisha, hugusi mpaka shimo lipoe lenyewe. Hapo ndipo wengi hushindwa.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Tabora mjini. Mkuu wa Shule wa huko alikuwa mtu wa ratiba na suti, na mimi na yeye hatukuiva chungu kimoja, nasema wazi. Muhula mmoja aliniita ofisini.

"Madam, hicho chumba chako cha matope kinahitajika kwa kompyuta."

"Kina wanafunzi, Mkuu."

"Basi wanionyeshe kitu. Kuna maonyesho, nimemwalika Afisa Elimu kama mgeni rasmi. Mkinitia aibu, Januari unafundisha Uraia mpaka ustaafu."

Nilitoka pale na hasira. Kama somo lingefutwa kwangu, hakuna ambaye angelirudisha baada yangu.

Kazi niliyowapa Kidato cha Pili ilikuwa msafara. Mji wetu ulikua juu ya njia ile ya wapagazi waliobeba mizigo kichwani kwenda pwani, na watoto wanaipita kila siku wakienda dukani. Nikawaambia kila mmoja afinyange mpagazi wake, urefu wa mkono hadi kiwiko, ila mzigo uwe wa kwao nyumbani. Yakatoka marobota ya tumbaku na mizinga ya asali. Shabani, mtoto wa fundi nguo wa mjini, akambebesha wake cherehani. Mtundu mmoja akaleta mpagazi mwenye televisheni, nikamwacha.

Nyamizi alikuwa wa Igalula. Binti mkimya, hesabu zinamshinda, walimu wenzangu walishamkatia tamaa. Mama yake anauza karanga pale stesheni, treni ikisimama anakimbia na beseni chini ya madirisha. Nyamizi akamfinyanga mama huyo, shingo imeinuka anamtazama abiria. Beseni alilifinyanga kando, jembamba, linakaa kichwani bila kugandishwa. Mimi nimeona kazi nyingi za watoto, na ile ilinifanya nitoke nje kwanza. Mama mwenyewe alikuwa amealikwa, na Nyamizi hakuwa amemwambia amefinyanga nini.

Mvua ikatuharibia. Kuni zililowa, na moto tukauwasha jioni ya kuamkia maonyesho, badala ya siku mbili kabla. Shimo lisingepoa hadi mchana. Sikuogopa sana, na hata Mkuu hakuogopa. Mgeni rasmi akiandikiwa saa nne, anafika saa nane, ndivyo tulivyozoea wote, na hata wapishi walikuwa hawajaweka maji ya wali.

Saa nne kasoro, simu za walimu zikalia kwa pamoja. Mlinzi ameandika kwenye kundi letu la WhatsApp: mgeni yuko getini.

Afisa Elimu alikuwa mama wa makamo, viatu vya chini, hana haraka. Akataka aanze na hiyo kazi ya udongo aliyoisoma kwenye barua. Mkuu akaja naye hadi shimoni, wazazi nyuma yao, na mama Nyamizi kati yao akanisalimia, "Shikamoo, mwalimu." Niliitika marahaba huku macho yangu yako kwenye majivu. Moshi ulikuwa bado unapenya.

"Fungua, Madam," Mkuu akasema.

"Bado, Mkuu. Hewa ya baridi ikiingia, vinapasuka vyote."

Akanisogelea, akanong'ona, "Sijakuomba ushauri." Kisha akachukua reki iliyoegemezwa ukutani, yeye mwenyewe, na suti yake. Nikasimama mbele yake. Sijui ningefanya nini. Nilikuwa nimekasirika, na nilijua kazi yangu inaishia pale mbele ya watu.

"Mkuu, naomba atolewe wa kwangu." Alikuwa Nyamizi. "Yuko pembeni kabisa. Akitolewa yeye, wengine hawafunuki."

Nikamwambia, "Nyamizi, unajua kitakachotokea."

"Najua, madam."

Niliondoa kigae kimoja cha pembeni, nikamtoa kwa koleo, nikamsimamisha juu ya tofali. Beseni nikaliweka miguuni pake. Nilikirudisha kigae haraka, nikafukia kwa majivu. Alikuwa mwekundu mzuri, mzima, na mama Nyamizi akajitambua papo hapo, akaweka mkono mdomoni. Mkuu akaanza kutabasamu, akamgeukia mgeni amweleze. Ndipo tukasikia sauti kavu, halafu nyingine. Shingo ikakatika, kiwiliwili kikaachana vipande viwili, vikaanguka majanini.

Nyamizi alikuwa anatazama chini, machozi yanamtoka bila sauti.

Afisa Elimu akauliza, "Na waliobaki humo?"

"Watakuwa hivyohivyo, mama, tukifungua sasa."

"Basi nisomewe risala kwanza. Nitasubiri."

Mkuu akarudisha reki ukutani, akasema hata yeye alikuwa na maoni hayohayo. Mama Nyamizi akainama, akaligusa beseni kwa kidole, bado la moto. Kwa wembamba wake, lilikuwa limepona.

"Usilie, mwanangu," akamwambia. "Mimi si nipo hapa? Na beseni letu hilo hapo."

Mchana tulifungua. Wapagazi wote walitoka wazima, hata yule wa televisheni. Tulipowapanga kwenye ukumbi, Nyamizi aliacha nafasi yake katikati ya mstari, akaweka beseni chini, lenyewe tu. Mgeni rasmi alisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Januari sikupewa Uraia, na chumba cha matope kipo hadi leo.

Nimeshastaafu, nafuga kuku na kugombana na majirani. Kila mara nikipita shuleni naingia ukumbini. Wanaofagia hawapendi ile nafasi; husogeza wapagazi mstari uzibe, na beseni humbebesha wa Shabani juu ya cherehani yake. Siwagombezi, hawakuwepo. Nawasogeza wapagazi mmoja mmoja, naliteremsha beseni, naliweka chini pale mama yule alipopaswa kusimama. Kisha nafunga mlango, narudi kwa kuku wangu.