Dawa za Nyumba Mbili

Baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi kabla sijamjua kwa sura. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani, tunaita kutila. Mzee akitokea njiani, mwanamke anaacha njia, anaingia migombani, anajitanda khanga usoni na kuchutama mpaka apite. Mkwe mwenye adabu hukohoa mapema ili umpishe. Wangu alikuwa na adabu nyingi mno. Alikohoa akienda shambani, akakohoa akirudi, nami nikachutama kwenye matope ya Bujonde, kijijini kwetu, na ndoo ya maji kichwani. Wapo wanaoisifu mila hii kwa maneno matamu. Hao hawajachutama.

Nyumba zilikuwa mbili, yetu na yake, katikati migomba. Mama mkwe alikwisha fariki, kwa hiyo hapakuwa na wa kupeleka neno kutoka nyumba moja hadi nyingine isipokuwa mume wangu. Na mume wangu ndiye aliyeugua.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa kakao walipoanza kuingia vijijini, naye alikuwa akiwapimia mizani. Alianza kusikia watu wakimteta ndani ya magunia. Akawa anawajibu. Siku alipoyachana magunia kwa panga kuwatafuta, tulimpeleka hospitali amefungwa kamba. Walimpa vidonge, na baada ya muda zile sauti zikanyamaza. Alilala, alikula, alimtambua mtoto wake. Lakini mikono ilimtetemeka, na mwili ulikakamaa kama wa mtu aliyebeba mzigo tusiouona. Nesi alisema vidonge hivyo huweza kuleta hali hiyo, akampa na kidonge kingine cha kulegeza viungo. Mimi niliridhika. Heri mume aliyekakamaa kuliko mume mwenye panga.

Baba mkwe hakuridhika. Alimwona mwanawe akitetemeka, akaamini tumemtia sumu. Hakuja kuniuliza, angekujaje? Akaenda Kasumulu. Mpakani pale siku hizo kila kitu kilipita: mitumba, sabuni, redio, na watu wenye midomo. Muuza dawa mmoja alisimama juu ya pikapu na kipaza sauti, akiuza unga wa kijani kwenye makopo. Unasafisha damu, unatoa sumu, unaongeza nguvu za kiume, unafukuza minyoo na kichaa. Siku hizi wenzake wanavaa suti na kuuita virutubisho. Mtu mzima anayeweza kuwaambia wenye shida maneno hayo kisha akaenda kula nyama choma, kwangu ni mchafu kuliko choo cha stendi.

Kila asubuhi mume wangu alikwenda kumwamkia baba yake, kama heshima inavyotaka, na huko akanyweshwa kikombe cha unga ule. Kisha akarudi kwangu, nikampa vidonge. Alikatazwa kuniambia, kwa kuwa mambo ya baba na mwana hayamhusu mkamwana. Harufu nilikuwa naisikia kinywani mwake, ya majani yaliyovundia kwenye ndoo yenye kifuniko. Nikadhani ni ugonjwa. Usiku nilimgeuzia mgongo.

Kisha akaanza kukauka. Midomo ikampasuka, ulimi ukawa unanata. Akawa anaokota wadudu hewani ambao hawakuwepo na kuwapangusa kwenye shuka. Nikasema kichaa kimerudi. Hospitali waliniuliza kama anameza vidonge vyake, nikajibu anameza mbele ya macho yangu. Wakaviongeza. Ng'ambo ya migomba baba mkwe naye aliona mwanawe amezidiwa, akajua sumu imezidi, akaongeza unga. Wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Sisi hata hatukujua kwamba tunapigana.

Siku moja ya jua kali nilimgusa mume wangu nikashtuka. Ngozi ilikuwa ya moto na kavu kabisa, hapa Kyela ambapo hata aliyelala kivulini anatoka jasho. Chini ya kitovu alikuwa amevimba, pagumu kama boga. Hakuwa amekojoa tangu jana yake.

"Labda ni ile ya Tata," alisema kwa ulimi mzito, akimtaja baba yake.

"Ile ipi?"

"Ya kikombe. Ya asubuhi."

Sikukumbuka hata kujitanda khanga. Nilikatiza migomba moja kwa moja. Mzee alisikia hatua zangu akakohoa. Nikaendelea kwenda. Akakohoa kwa nguvu zaidi, kama anayefukuza kuku kwenye mpunga, nami nikatokea mbele yake. Kumbe alikuwa mzee mdogo, mwembamba, mwenye masikio makubwa kama ya mume wangu. Aliruka kutoka kwenye kigoda akageukia ukuta.

"Ugonile, Tata," nilimsalimu. "Unampa nini mwanao?"

 Akaanza kusema na mbwa wake.

"Wewe mbwa, mwambie huyo mwanamke aondoke. Anatuletea mkosi."

"Anakufa, Tata. Hawezi kukojoa."

"Mwambie hivyo ni vidonge vyake. Mimi natoa tu sumu anayomtia yeye."

Mbwa alikuwa anajilamba. Nilitaka kucheka na nilitaka kutapika. Kopo lilikuwa dirishani, likitoa harufu ile ile ya kinywani mwa mume wangu. Nikalichukua nikaondoka nalo.

Tulimkimbiza hospitali, wakamtia mpira wa kutolea mkojo, nao ukatoka mweusi kama chai ya rangi iliyolala. Nesi alifungua kopo, akanusa, akalifunga haraka.

"Mama, vidonge vyake vyenyewe vinakausha mwili," alisema. "Huu unga sijui una nini, na aliyeuuza pia hajui, lakini kwa hali hii naona nao unakausha. Mmemwanika mtu kama dagaa usipa."

Aliniambia kuwa joto lile lingeweza kumuua kabla ya jioni. Aliniambia pia tusije tukaacha vidonge kwa kujiamulia wenyewe, na kwamba jani, mzizi au unga wowote lazima wao waujue kwanza.

"Anatakiwa mtu mmoja anayejua kila kinachoingia kinywani mwake. Ni nani?"

"Mimi," nilijibu.

Ukoo ulikutana mume wangu akiwa bado na mpira. Walizungumza kutwa nzima kwamba mkamwana amemtazama mkwe usoni, mchana kweupe, tena akamsemesha. Wakajadili namna ya kunitakasa. Kopo halikutajwa hata mara moja. Shemeji yangu mmoja alitema mate nilipopita karibu yake. Mtu wao ameoza ndani kwa uchafu wa Kasumulu, na kilichowatia kinyaa ni macho yangu. Nami niliwaonea kinyaa wote, na sijawahi kuomba radhi kwa hilo.

Mume wangu alipoanza kupata nafuu, nilikuwa nimeshika mfuko wa mkojo kando ya kitanda niliposikia kikohozi nje ya mlango wa wodi. Wanawake waliokuwa wakiuguza walielewa. Mmoja alinisogezea pazia nijifiche. Sikuondoka. Akakohoa tena, muda mrefu. Mwishowe aliingia ubavu ubavu, akiutazama ukuta, na chupa ya uji mkononi. Niliipokea nikafungua kifuniko. Harufu ile ile.

"Nimetia kidogo tu," aliuambia ukuta. "Cha kumwamsha mwanangu."

 Alikuwa analia, na hilo ndilo lililonichukiza kuliko yote, kwamba alimpenda kweli. Niliumwaga uji wote kwenye beseni la matapishi.

"Tata," nikamwambia, "geuka unitazame."

Ilimchukua muda, lakini aligeuka.

Mume wangu yu hai, na vidonge vyake anameza mpaka leo. Mzee naye aliishi miaka mingi baadaye. Kila alipomletea mwanawe chakula, nilikionja mimi kwanza, yeye akiwa amekaa mbele yangu anasubiri, tukitazamana.