Kaseti ya Dunguni

Kaka yangu ana ushahidi mmoja tu dhidi yangu, nao ni kaseti. Mjomba aliirekodi asubuhi moja bondeni, msimu wa kulinda ndege, mimi nikiwa na miaka tisa. Sisi wa Rufiji tukihamia mashambani, kila mlinzi hukaa kwenye dungu lake, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti. Ndege wakianza kuamka, mama anaita, "Hoo!" Nawe unaitika toka dungu lako. Usipoitika, umelala, na mpunga unaliwa. Mwaka ule mpunga uliliwa wote, kaka akaacha shule.

Maisha yangu yote nimeapa kwamba niliitika. Kwenye redio yake ndogo unamsikia mama akiita, kisha shhh. "Kimya," kaka husema kila Idi mbele ya wageni, huku anakula pilau niliyoipika mimi. Safari hii nikachoka. Nikamwambia, "Redio yako ndiyo kiziwi. Twende kwa daktari."

Daktari ni mstaafu, mtu wa bara, amejenga njia ya Mtawanya. Watu humcheka kwa sababu sebuleni kwake hakuna hata kabati la vyombo, kuna spika mbili zinazomfika kifuani na mashine za kuzisemesha. Alitukaribisha vizuri, kisha akaanza somo.

"Sauti yenye joto, mama, ni ile unayosikia mpaka kifua cha mtu, si koo peke yake. Uwazi ni kila kitu kusikika chenyewe, kisimezwe na kingine. Nafasi, unafumba macho na unajua nani yuko karibu, nani yuko mbali. Lakini mimi kwanza natafuta kimya."

"Kimya gani tena?" kaka akauliza.

"Cha mashine, bwana. Mashine mbovu ina mvumo wake, unafunika vitu vidogo. Ikinyamaza, hata pumzi ya mtu aliyejificha utaipata."

Hapo ndipo nilipoogopa. Ukweli ni kwamba kuitika sikukumbuki. Ninachokumbuka ni kuapa. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu nilikuwa nimeifyeka mwenyewe mpaka mlangoni kwa daktari.

Daktari alifuta kichwa cha deki, mashine yake ya kaseti, kwa pamba na spiriti, akakaza mkanda kwa kalamu. Akaonyesha swichi. "Nikibonyeza hapa, kelele ya mkanda itapungua. Ila na hewa itaondoka, yale mambo madogo madogo ya juu."

"Usiguse," kaka akasema.

Daktari akawasha, mama akaingia sebuleni. "Hoo!" Kifua chake chote kilikuwamo, nikajua joto la sauti ni nini. Nyuma yake mpunga ulichakacha, na mbali zaidi ndege. Nikakodolea macho spika, nikingojea mtoto aitike. "Hoo!" Ndege tu. Mara ya tatu, ndege tu.

Kaka akanigeukia. "Unasikia?"

"Nasikia."

Daktari akainua kidole. Karibu kabisa, chini ya ile shhh, mama alikuwa anasema na mjomba kwa sauti ya chini ambayo redio ya kaka haikuwahi kuitoa. "Mwache alale. Mwanangu amekesha na homa. Nakwenda kumlindia mie." Ngazi ya dungu ikalia, miguu ikashuka, ikapotelea mpungani. Kisha wakasikika ndege wengi, karibu, wakishuka kwenye shamba aliloliacha.

Nikasema, "Kaka, nimekuongopea miaka yote hii. Nisamehe."

Kaka akamwomba daktari arudishe mkanda, pale penye ngazi. Akausikiliza ule mlio mara mbili, kiganja kikiwa mdomoni.

"Alijua," akasema. "Alijua tutakosa mavuno, akaenda."

Daktari akauliza kama azime. Kaka akatikisa kichwa, akataka kuanzia mwanzo. Mama akaita tena, "Hoo!" Nilifungua kinywa niitike.

Kaka akaitika.