Mchikichi wa Mama Mdogo

Mama mdogo alikuja kwetu Chemchem kutoka Ujiji kwa gari moshi, na alichokipakata safari nzima hakikuwa mtoto. Kilikuwa debe la mafuta ya taa lililotobolewa kitako, lenye udongo mweusi na mche wa mchikichi wa majani manne. Mama yangu alikuwa na mwaka mmoja tu kaburini. Nililichukia lile debe kabla sijamchukia yeye.

Tabora si nchi ya michikichi. Kiangazi chetu hukausha hata mate. Aliuweka mche barazani, upande usiopigwa na jua la mchana, akautundikia mkeka mkuukuu, na kila asubuhi akayapangusa majani vumbi kwa kitambaa kibichi, moja moja, kama anayemnawisha mtoto uso. Maji yaliyooshewa mchele yalikuwa ya mti. Kisima kilipopungua, alioga nusu ndoo ili mti unywe. Mwaka wa pili mti ulinifika kifuani.

"Mtu wa mawese huyo," bibi, mama yake baba, alisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Hazai, analea debe."

Baba alikuwa hajamuoa kanisani. Kila akiulizwa aliahirisha. Jioni moja, mbele ya wageni, akasema, "Mti huu ukizikuta mvua ukiwa hai, nakupeleka kwa mchungaji. Ukifa, nakupeleka stesheni." Wageni wakacheka mpaka wakapigana mabega. Mama mdogo hakucheka. Tangu siku ile akawa anaamka mapema zaidi.

Mimi aliniamini. Nilipomuuliza mti ule unakuaje, alinionyesha jani la katikati, bado limejikunja, jembamba kama mwavuli uliofungwa. "Roho yake iko hapa, mwanangu. Mchikichi una moyo mmoja tu. Ukikatwa hapa, umekwisha."

Asili yetu ni Ipole, watu wa tumbaku. Tumbaku ikikaribia kutoa maua hukatwa kilele ili majani yanenepe. Nilijua kazi hiyo kabla sijajua kusoma. Wiki chache kabla ya mvua, mama mdogo akiwa kisimani, bibi alinipa kisu cha tumbaku.

"Mke mwenzangu, hebu upunguze kilele mti wa mama yako, unenepe."

Alikuwa anatabasamu. Huenda yeye hakujua. Mimi nilijua. Nilikata. Ndani mlikuwa na kitu cheupe, laini, chenye utamu kidogo. Nilikitafuna chote.

Mama mdogo aliporudi alitua ndoo, akatazama, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Nilidhani ni kama tumbaku," nikasema.

"Mtoto kakusaidia, wewe unanuna," baba akasema. "Majani si mabichi haya?"

Yalikuwa mabichi kweli. Mchikichi hufa polepole. Siku zote zilizobaki aliendelea kuumwagilia maji mti ambao mimi na yeye tulijua umekufa, na kila alfajiri nikamwambia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia, "Marahaba," kwa sauti ileile ya siku zote.

Mvua zikaja. Hata nguzo za ua zilichipua. Mchikichi ulisimama barazani, wa kahawia, na baba akakata tiketi.

Stesheni nilimbebea furushi. Alilipokea, akaniuliza, "Kisu kilikuwa kikali?"

"Ndiyo, mama."

"Afadhali," akasema, akapanda.

Niliporudi nyumbani nilikuta bibi ameshaking'oa kisiki, anapanda mchicha ndani ya debe. Ule udongo wa Ujiji ulikuwa na rutuba. Mchicha ulitoka mnene, wenye majani mapana, nami niliomba niongezwe.